Waya za freni ya kinga zinaua magita yetu ya zamani

Jumapili ile mlio ulipotoka, nusu ya kanisa iliinama chini. Hapa Baraka hakuna mtu anayefundishwa kuinama, mwili wenyewe unajua. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amekwisha kumfunika mtoto wake na kitenge. Kisha tukainua vichwa na kumwona mpiga gita wa korale amesimama pale pale, mkono mmoja umeshika shingo ya gita, mwingine unatoka damu kidogo, na daraja la gita linaning'inia kwenye nyuzi kama samaki kwenye ndoana. Watu wakacheka, wengine kwa aibu. Pasta akaomba utulivu, korale ikamaliza wimbo kwa ngoma peke yake.

Katika kazi yangu nimeandika juu ya milio mingine, mibaya kuliko huo. Huo wa kanisani ulinisumbua kwa sababu nyingine: ungeweza kuzuiwa, tena bila kumsubiri mtu wa Kinshasa wala wa Geneva.

Gita lile nalijua tangu zamani. Lililetwa hapa na mfanyakazi mmoja wa misaada, Mhispania, ambaye jioni alikuwa akipiga kwenye baraza ya nyumba aliyopanga. Mkataba wake ulipokwisha akaliachia korale. Ni gita la flamenko, muziki wa watu wa Andalusia, kusini mwa Uhispania. Ukiliinua unashangaa wepesi wake. Mbao za nyuma na za mbavuni ni za rangi ya manjano iliyofifia, na ukiweka pua kwenye tundu bado unapata harufu ya mti wa sipre. Ndiyo, sipre, ndugu ya ile miti mirefu ambayo wamisionari na mashamba ya wakoloni walipanda katika milima mingi ya Kivu. Uso wake una kipande cha plastiki kinachoonyesha mbao ya chini, kwa kuwa mpigaji wa flamenko hugonga gita kwa vidole huku akipiga nyuzi. Vijana wa korale walipogundua hilo walifurahi sana. Gita na ngoma katika mwili mmoja!

Shida ilianza nyuzi za kwanza zilipokatika. Gita la namna ile linataka nyuzi za nailoni, na sokoni Baraka nyuzi hizo hazipatikani. Kwa hiyo walifanya kile ambacho vijana wa Fizi wote wanafanya, kile ambacho mimi pia nilifanya nikiwa na miaka 15: wakanunua waya wa freni ya kinga, wakaufungua uzi mmoja mmoja, wakaufunga. Sauti ikawa kali na kubwa, ikasikika hadi nje ya kanisa. Kila mtu akasema gita limepona. Miezi michache baadaye daraja likaanza kuinuka. Wakalibandika na ile kole inayokauka haraka, wakaongeza visi viwili. Ndipo ile Jumapili likang'oka, visi na vyote, na kipande cha uso wa gita.

Nieleze kwa hesabu, maana watu wengi wanadhani uzi ni uzi tu. Nyuzi sita za nailoni, zikikazwa vizuri, zinavuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 40 kwa jumla. Nyuzi sita za chuma za dukani zinavuta kilo 70 na zaidi. Zile za freni hakuna anayejua zinavuta kilo ngapi, kwa sababu hazikutengenezwa kwa muziki. Kijana anakaza hadi sauti ikubali. Gita la nyuzi za chuma limejengwa kubeba mzigo huo: mbao zake za ndani ni nene, na shingoni kwa kawaida kuna fimbo ya chuma. Gita la flamenko halina fimbo hiyo. Uso wake una unene wa milimita mbili hivi, na daraja lake limeshikwa na kole peke yake. Kulifunga waya wa freni ni sawa na kupakia magunia ya mihogo ya lori kwenye mtumbwi wa kuvulia ndakala. Kwa muda utaelea.

Siwalaumu vijana. Korale ina watu 40, kanisa ni la mabati, mvua ikianza hata mhubiri hasikiki. Umeme ni wa paneli za jua au jenereta, na siku mafuta yanapokosekana ile piano ya umeme inakuwa meza tu. Nailoni ina sauti ya upole. Mtu anayetaka sauti itakayowashinda watu 40 atatafuta chuma, na ana haki. Lakini basi atafute gita la chuma. Kulitambua si kazi ngumu. Kwenye gita la nailoni nyuzi zinafungwa fundo darajani, kichwa kina matundu mawili marefu, na shingo ni pana, sentimita tano na zaidi pale inapoanza. Kwenye gita la chuma nyuzi zinashikwa darajani na vijiti vidogo, na shingo ni nyembamba, sentimita nne na kitu. Kila mwenye korale angejua hayo, tungeokoa magita mengi kutoka Mboko hadi Kazimia.

Nililichukua lile gita kwa ruhusa ya komite ya korale. Mzee mmoja wa komite aliniambia wazi, "Papa, hiyo ni kuni sasa. Utuletee ingine kutoka Bujumbura." Hiyo ingine naijua pia. Ni gita jipya la mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, linang'aa kama kiatu cha harusi, na nyuzi zake ziko juu sana hata vidole vinauma kabla ya ubeti wa pili. Nikamwambia mzee, nipe mwezi mmoja.

Fundi niliyempelekea ni seremala wa vitanda na milango. Hakuwahi kugusa gita. Alilizungusha mara tatu, akapiga uso kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Huyu aliyetengeneza hakuwa na mbao nyingi, lakini alijua kazi." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo juu ya ufundi wa Wahispania. Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyeishi kutoka 1817 hadi 1892, ndiye aliyeweka umbo ambalo magita haya yanalifuata hadi leo. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo nyuma na mbavu zake ni za karatasi iliyobandikwa, uso peke yake ukiwa wa mbao nzuri, ili aonyeshe kwamba sauti inatoka usoni. Seremala wetu hakuwahi kusikia jina hilo, na ukucha wake ulimwambia jambo lile lile.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa uchafu wa waliotutangulia. Ile kole ya haraka ni adui: inakuwa ngumu kama kioo, na kole nzuri haishiki juu yake. Ilikwanguliwa polepole kwa ncha ya kisu siku nzima. Matundu ya visi yakajazwa vijiti vya mti. Kipande cha uso kilichong'oka tulikuwa tumekiokota kanisani, kikarudishwa mahali pake. Ufa uliotoka darajani hadi ukingoni ulitiwa kole nyeupe ya maseremala, na ndani, kupitia tundu, fundi akabandika vipande vitatu vidogo vya mbao, nyuzi za mti zikiwa zimekata ufa ili usifunguke tena. Mkono wake haukuingia. Mtoto wake wa miaka 11 ndiye aliyefanya.

Kubana daraja ndiko kulikotupa shida, kwani hatukuwa na vibano virefu vya kupita tunduni. Fundi akaliweka gita chini ya meza nzito, akaegemeza ndani kipande cha mbao cha kuushikilia uso, kisha akakata vijiti vya mianzi virefu kidogo kuliko nafasi ya kati ya daraja na meza. Akavipinda na kuviacha vijisukume vyenyewe. Vijiti sita, vinasukuma kama nyuma ya upinde. Baadaye nilisoma kwamba mafundi wakubwa wa magita Ulaya na Marekani wanatumia njia hiyo hiyo. Tukakiacha chombo siku mbili, maana ilikuwa msimu wa mvua, na hapa kando ya ziwa kole haina haraka.

Kuhusu mvua, kuna jambo la kusema. Gita linalokaa Baraka, karibu mita 770 juu ya bahari, hewa imejaa unyevu wa Tanganyika, na ambalo siku moja linapandishwa Fizi kwa pikipiki kwenda kupiga kwenye arusi, halafu linaning'inizwa ukutani kiangazi chote chini ya bati, linateseka. Mbao inavimba na kunywea. Ufa mwingi unaanza hapo, hata kabla ya waya. Lifungieni ndani ya sanduku, au hata ndani ya blanketi, mbali na bati, na legezeni nyuzi mnaposafiri. Haligharimu franka hata moja.

Shingo ilikuwa imepinda kwenda mbele kwa ajili ya ule mvuto wa chuma. Tulipopima kwenye chuma cha 12 cha shingoni, nyuzi ziko juu milimita sita. Mpiga flamenko wa kwao anataka milimita tatu au chini ya hapo upande wa nyuzi nene. Wale wa muziki wa klasiki wanakubali nne. Sita ni adhabu. Ndiyo maana mpiga gita wetu, kijana mwenye kipaji, alikuwa anapiga akodi zile tatu za karibu na kichwa na hakuthubutu kushuka chini. Tulidhani hajui. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vinakataa.

Fundi alifunga ubao ulionyooka shingoni, akaupasha moto kwa pasi ya makaa juu ya kitambaa, akaacha upoe usiku kucha ukiwa umebanwa. Ukarudi kidogo, haukurudi wote. Akang'oa vyuma vya shingoni kimoja kimoja, akavipanga juu ya karatasi kwa namba, akapiga randa ubao wa vidole, zaidi upande wa kichwa, akavirudisha, akavisawazisha kwa tupa na msasa. Mifupa miwili ambayo nyuzi zinalalia, ule wa kichwani na ule wa darajani, ilikuwa imechimbwa na waya kama barabara yetu ya kwenda Uvira. Mipya tuliipata kwa mchinjaji: mfupa wa mguu wa ng'ombe, ukachemshwa mafuta yatoke, ukaanikwa juma zima, ukapigwa msumeno na tupa. Mbwa wa jirani walitusumbua zaidi kuliko kazi yenyewe. Mwishoni nyuzi zikakaa kwenye milimita tatu na nusu. Mtu wa Andalusia angetaka ishuke zaidi. Sisi tulishukuru.

Halafu nyuzi. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa Baraka wanisikilize, kwa kuwa tumelala njaa juu ya gunia la unga. Zamani nyuzi za magita haya zilikuwa za utumbo wa mnyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia utumbo ulihitajika kushonea majeruhi hospitalini, ukaadimika. Ndipo Albert Augustine, fundi wa New York, alipoanza kutengeneza nyuzi za nailoni. Na nailoni ya uzi mmoja ni nini? Ni ule ule uzi wa ndoana unaouzwa kwenye kila kioski cha wavuvi kutoka bandarini Baraka hadi rasi ya Ubwari. Zile nyuzi tatu nyembamba za gita, ya kwanza ina unene wa karibu milimita 0.70, ya pili 0.80, ya tatu 1.0. Tulinunua mita chache za kila unene kwa mfanyabiashara mmoja. Akatuuliza tunakwenda kuvua nini na uzi mnene hivi. Tulipomwambia ni za gita alicheka, akatupunguzia bei.

Uzi wa ndoana haulingani na wa dukani katika kila jambo. Unene wake wakati mwingine haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho, basi sauti inakuwa ya uongo ukishuka shingoni. Kata kipande kingine ujaribu. Unanyooka siku tatu nne kabla ya kutulia, na ile ya tatu ina sauti nzito kidogo. Lakini inaimba, na haing'oi daraja. Zile tatu nene hazina njia ya mkato: ni nyuzi laini za nailoni zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, hazitengenezwi kwa mkono nyumbani. Hizo lazima zinunuliwe. Seti nzima Ulaya au Marekani inauzwa karibu dola 10. Ninyi ndugu zetu mlioko huko, mnaotutumia picha za theluji, bahasha moja yenye seti tatu ina uzito mdogo.

Najua kuna atakayesema: watu wanakimbia vijiji, shule zimefungwa hapa na pale, na mwanahabari anaandika juu ya gita. Nimejiuliza hivyo mwenyewe. Jibu langu ni la nyumbani. Mwaka 1996 vita ilipotufikia, mjomba wangu alikuwa na gita kavu alilorithi kwa rafiki wa Kalemie. Alilitoa kwa mwenye boti, likalipa nafasi ya watu wanne kuvuka kwenda Kigoma. Mimi ni mmoja wa hao wanne. Tulipofika kambi ya Nyarugusu, watu wa Fizi tulikuwa wengi sana, na korale zilianza kabla nyumba nyingi hazijaezekwa. Mjomba alikuwa akikaa pembeni, vidole vinacheza juu ya goti. Hakupata gita lingine hadi alipokufa. Kwa hiyo mtu akiniambia gita ni kitu kidogo, mimi nina hesabu yangu.

Tena muziki huu ni wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na sahani zake zikafanya dunia ijue kwamba Mkongomani mmoja akiimba kwa Kiswahili, na vidole viwili juu ya gita kavu, anaweza kusikika kama watu watatu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alivuka akawa sauti ya Dar es Salaam. Ndala Kasheba alitoka Katanga na gita lake la nyuzi 12 likawa maarufu Tanzania nzima. Mwezi wa 12 mwaka 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika urithi wa binadamu, tukapiga makofi. Urithi huo unapigwa kwa chombo gani hapa kwetu? Kinshasa kuna fundi Misoko Nzalayala, wanayemwita Socklo, aliyejenga jina kwa magita ya mikono yake mwenyewe. Kati ya Uvira na Kalemie mimi sijamwona mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza gita, ingawa maseremala wamejaa.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache. Vituo vinavyofundisha vijana useremala, na katika Fizi viko kadhaa, viongeze juma moja la magita. Hakuna mashini inayohitajika, mmesikia tulitumia nini. Komite za korale, mnapopanga matumizi ya mwaka, wekeni dola 20 za nyuzi kabla ya sare mpya. Wafanyabiashara mnaokwenda Kigoma na Bujumbura, leteni nyuzi za nailoni pamoja na betri na simu, mtauza. Na wewe mwenye gita lililovunjika juu ya kabati, usilichome na usiwape watoto. Kama uso wake haujaoza, linarudi.

Matengenezo yote yalitugharimu dola 23, pamoja na soda za mtoto wa fundi. Tulilirudisha gita korale siku ya mazoezi. Yule kijana alilishika, akashuka shingoni hadi chuma cha tisa, akasimama, akaniangalia, akashuka tena. Mzee wa komite, yule wa kuni, alisogeza kiti chake mbele bila kusema neno. Sauti ni ndogo, kweli. Wameamua gita lianze peke yake ubeti wa kwanza, korale iingie baadaye, na wakati wa mvua wanangoja mvua.

Juma lililopita uzi wa nne umekatika. Ndio unaokatika kwanza siku zote, kwani ni mwembamba kati ya zile nene. Kijana alinipigia simu usiku, sauti ya chini kama mtu anayeungama: kuna rafiki amemletea waya wa freni, mpya kabisa, afanye nini? Nikamwambia apige na nyuzi tano. Boti ya Kigoma inatarajiwa Alhamisi.